Tunu na Kioja: Twiga wa Malindi Nchini Uchina

Mambo ya ajabu hayana bahati katika vitabu vya tarikhi. Mwandishi wa tarikhi hupenda vita na mikataba, wafalme na nasaba zao, bei za pembe na karafuu. Akikutana na picha ya mnyama wa ajabu, au sahani yenye nakshi ya kuchekesha, au mtindo wa nywele uliovuma msimu mmoja ukapotea, hutabasamu, huuweka kando, akaendelea na safari yake. Vioja huachiwa watoto na wasimulizi wa barazani. Insha hii inauliza kama desturi hiyo ni ya haki, na inauliza kwa kufuata nyayo za mnyama mmoja ambaye kila msomaji wa lugha hii humjua kwa jina tangu utotoni, yaani twiga.

Jina lenyewe lastahili kutazamwa kwanza. Kwetu twiga ni twiga. Jina lake halikuungwa kwa majina ya wanyama wengine. Warumi walipomwona mnyama huyu mjini mwao mwaka 46 kabla ya Kristo, katika tamasha za ushindi wa Julius Caesar, walimwita kwa jina la Kiyunani lililounganisha ngamia na chui, kwa kuwa kimo chake kiliwakumbusha wa kwanza na madoa yake yaliwakumbusha wa pili. Waarabu walimwita zarafa, na katika neno hilo lugha nyingi za Ulaya zilipata jina linalotumika hata leo. Mtu anayemtaja kiumbe mmoja kwa kuchanganya majina ya viumbe wawili hukiri kwamba hana mahali pa kumweka. Mtu mwenye jina moja fupi kwa kiumbe huyo huonyesha kwamba hashangazwi naye. Basi ajabu haimo katika shingo ya twiga. Imo katika macho ya anayeitazama. Wahenga waliona hivyo waliposema kwamba mgeni ni kuku mweupe: weupe wake hauonekani ila mahali ambapo hakuzoeleka.

Lugha yetu ina maneno mawili yatakayotusaidia katika safari hii. Kioja ni kitu kinachoshangaza au kuchekesha, na ambacho mtazamaji hana deni kwacho. Hukitazama, akashangaa, akaenda zake. Tunu ni kitu adimu kinachotolewa na mtu kwa mtu kwa heshima, na ndani yake mna deni, kwa maana aliyetoa anatazamia kukumbukwa. Kitu kile kile chaweza kuondoka bandari moja kikiwa tunu, kikafika bandari nyingine kikiwa kioja. Tofauti ya maneno haya mawili ndiyo tofauti ya tarikhi iliyoandikwa na tarikhi iliyosahauliwa.

Mwaka 1414, tarehe 20 Septemba, wajumbe wa mfalme wa Bengal walifika mbele ya Yongle, Kaisari wa Uchina, wakileta twiga. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Oktoba 1415, walifika wajumbe wengine na twiga mwingine, pamoja na wanyama wawili ambao Wachina waliwaandika kwa majina ya farasi wa mbinguni na kulungu wa mbinguni. Kumbukumbu za nasaba ya Ming zinaitaja nchi ya wajumbe hao wa pili kwa jina ambalo wanachuoni wengi wamelisoma kuwa ni Malindi, mji wa pwani ya Kenya ya leo. Aliyelieleza jambo hili vizuri kwa wasomaji wa Magharibi alikuwa Mholanzi J. J. L. Duyvendak, katika mihadhara aliyoitoa London mwaka 1947 na kuchapishwa mwaka 1949. Yeye alimdhania yule farasi wa mbinguni kuwa punda milia, na yule kulungu kuwa choroa.

Wachina hawakumpokea twiga kama twiga. Katika maandiko yao ya kale alikuwamo kiumbe aitwaye qilin, mwenye mwili wa paa, mkia wa ng'ombe na pembe iliyofunikwa nyama, mpole kiasi kwamba hakanyagi jani bichi wala hadhuru mdudu. Qilin hakuonekana ila zama za mtawala mwema. Mapokeo yao humhusisha na Confucius, na moja ya vitabu vyao vikuu vya kumbukumbu hukoma kwa habari ya kukamatwa qilin mwaka 481 kabla ya Kristo. Sasa wakaona mbele yao mnyama mwenye vijipembe vifupi vilivyovikwa ngozi, mkia wa ng'ombe, rangi za kupendeza na mwendo wa taratibu, asiyekula nyama wala kutisha mtu. Wako wanachuoni walioona kwamba hata jina lilisaidia, maana twiga kwa Kisomali ni geri, na sikio la Mchina lingeweza kulisikia neno hilo likikaribiana na qilin. Kwa njia hiyo mnyama wa nyika akageuka ishara ya mbinguni.

Yapasa kujua pia aliyeipokea ishara hiyo alikuwa nani. Yongle alikuwa amekalia kiti mwaka 1402 baada ya vita vya miaka mitatu dhidi ya mwana wa ndugu yake, aliyekuwa mrithi halali. Mtawala wa namna hiyo ana haja kubwa ya kusikia kwamba mbingu zimeridhika naye. Watumishi wake wa kasri walilifahamu hilo, wakaomba ruhusa ya kumpelekea waraka rasmi wa pongezi. Akakataa. Alisema kwa maneno yenye hekima kwamba utawala mwema ni kuwa na amani nchini, na kwamba asipokuwapo qilin hakuna kitakachopungua. Walakini twiga wa Malindi alipofika, Kaisari alitoka mwenyewe hadi kwenye lango la kasri kumpokea, na sifa za tukio hilo akazigawa kwa marehemu baba yake na kwa mawaziri waliomsaidia. Mtu asiyejali hatoki hadi langoni. Alikataa waraka, hakukataa tamasha. Na kwa kumtaja baba yake alikuwa akiwakumbusha watu kwamba yeye ndiye mwana, hata kama njia yake ya kufika kwenye kiti ilipita juu ya mpwa wake.

Twiga wa mwaka 1414 alichorwa. Juu ya picha yakaandikwa maneno marefu ya sifa na Shen Du, mwanachuoni na mwandishi hodari wa khati, na nakala za picha hiyo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Taipei na ya Philadelphia. Msomaji akiitazama atamtambua mnyama mara moja. Shingo ni yake, miguu ni yake, kichwa ni chake. Lakini madoa yamechorwa kwa mpango kama wavu uliotandazwa sawasawa juu ya mwili, maana qilin wa vitabuni alikuwa na magamba, na mkono wa mchoraji ulikuwa na mabwana wawili, jicho na kitabu. Kando ya mnyama amesimama mtu aliyeshika kamba. Jina la Kaisari twalijua, jina la mwandishi twalijua, hata mnyama amepewa jina la heshima. Mshika kamba hana jina. Ndiye pekee katika picha yote anayeshikamana kwa mkono wake na mahali mnyama alikotoka, naye hakuulizwa neno.

Hapa ndipo kioja kinapoanza kuwa tarikhi. Wengi waliosimulia kisa hiki wamekisimulia kama habari ya Uchina: imani zake, kaisari wake, na jemadari wake Zheng He, Mwislamu wa Yunnan aliyeongoza misafara saba ya baharini kati ya mwaka 1405 na 1433. Yote hayo ni kweli. Lakini twiga hakujipeleka. Alipelekwa, na aliyempeleka alikuwa mji wa Waswahili uliofanya shauri, ukachagua, ukagharimia. Tukiuliza habari za mpelekaji badala ya mpokeaji, picha ile ile huanza kutueleza mambo ambayo haikukusudia kuyaeleza.

Kwanza, twiga haishi ufukweni. Hula miiba na majani ya migunga bara, na kumkamata akiwa hai bila kumvunja mguu si kazi ya mvuvi wala ya mfanyabiashara wa pwani. Ni kazi ya wawindaji walioyajua malisho yake. Kwa hiyo Malindi ya mwaka 1415 ilikuwa na mapatano na watu wa nyika, nao waliutumikia mji au waliuuzia kwa bei iliyowaridhisha. Wale wanaoichora miji ya pwani kama visiwa vilivyotazama bahari tu na kuipa bara kisogo, na wajibu hoja hii.

Pili, ndama wa twiga huzaliwa akiwa na kimo cha mita 1.8 hivi, na mkubwa huweza kufika mita tano na zaidi. Mnyama huyo lazima asafiri akiwa mdogo, naye akiwa mdogo hutaka maziwa. Lazima apate majani, maji matamu na kivuli, na shingo yake iwe na nafasi chombo kinapoyumba. Safari nzima lazima ifuate pepo, kwa maana kaskazi na kusi hazimngojei mtu. Kumfikisha akiwa hai hadi Uchina ni ushahidi wa mabaharia na wachungaji waliojua kazi yao kuliko ushahidi wa nyaraka nyingi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, wakati uliochaguliwa haukuwa wa kubahatisha. Twiga wa Bengal alipokewa kwa fahari Septemba 1414. Twiga wa Malindi akafika baada ya miezi isiyozidi kumi na mitatu. Bengal haina twiga wa kuzaliwa huko, na yamkini yule wa kwanza naye alikuwa ametoka upande wetu wa bahari kama zawadi kwa mfalme wa huko. Habari zilikwenda kutoka bandari hadi bandari kwamba yuko mfalme mkubwa mashariki anayemtukuza mnyama ambaye kwetu hutafuna miba bila kutukuzwa na mtu. Malindi ilisikia, ikaelewa, ikatenda. Ilituma tunu iliyo rahisi kwayo na adimu kwa mwenziwe, na hiyo ndiyo busara yote ya ubalozi. Nayo ilizaa matunda: msafara wa tano wa Zheng He, wa mwaka 1417 hadi 1419, ulipewa kazi ya kuwarudisha wajumbe makwao, ukafika pwani ya Afrika ya Mashariki.

Ili kupima uzito wa kisa hiki, yafaa kukilinganisha na kingine kilichotokea karne nne baadaye, ambacho nyaraka zake ni nyingi. Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alimtuma twiga jike kwa mfalme Charles X wa Ufaransa. Mnyama huyo alikamatwa Sudani akiwa ndama, akashushwa kwa mto Nile, akavushwa bahari katika merikebu iliyotobolewa sitaha ili shingo ipate kutokea, akafika Marseille mwezi wa Oktoba 1826. Kuanzia tarehe 20 Mei 1827 alitembea kwa miguu kutoka Marseille hadi Paris, akiongozana na ng'ombe wa maziwa na mwanachuoni mashuhuri wa elimu ya wanyama, Étienne Geoffroy Saint-Hilaire. Aliingia Paris tarehe 30 Juni. Mfalme alimlisha kwa mkono wake majani ya waridi.

Yaliyofuata ni katika mambo ya kuchekesha sana ya karne ile. Mji mzima ulishikwa na homa ya twiga. Wanawake walisuka nywele kwenda juu kwa namna ya twiga, hata ikasemwa kwamba baadhi yao walilazimika kukaa chini ndani ya magari ya farasi ili nywele zisigonge paa. Wafinyanzi walichora twiga juu ya sahani na vikombe, washonaji walizipa nguo rangi zilizoitwa kwa jina lake, na karatasi za kubandika ukutani zikajaa picha zake. Twiga wa pili alipelekwa London mwaka ule ule, akachorwa na Jacques-Laurent Agasse. Wa tatu alifika Vienna mwaka 1828, nako wakapika keki za jina lake. Wa London alikufa mwaka 1829, na wa Vienna kabla hajatimiza mwaka. Yule wa Paris aliishi hadi mwaka 1845, miaka kumi na mitano baada ya mfalme aliyemlisha waridi kupinduliwa, na mwili wake uliokaushwa wasimama leo katika makumbusho ya La Rochelle.

Aliyemtuma alikuwa na shabaha. Wakati huo Wagiriki walikuwa wakipigania kujitoa katika utawala wa Waturuki, na majeshi ya Misri yalikuwa yakipigana upande wa Waturuki. Muhammad Ali alitaka Wafaransa wamwonee haya kidogo. Lakini Paris ilikuwa imekwisha kumgeuza twiga kuwa kitana na sahani. Tarehe 20 Oktoba 1827, miezi isiyotimia minne tangu mnyama aingie Paris, manowari za Ufaransa, pamoja na za Uingereza na Urusi, ziliteketeza merikebu za Misri na Uturuki katika ghuba ya Navarino. Hapo msomaji anaona waziwazi tofauti niliyoitaja. Tunu iliyopokewa kama kioja haimfungi aliyeipokea kwa deni lolote. Mtu aweza kuinywea chai katika kikombe chenye picha yake, na jioni akampiga mizinga aliyeileta.

Uchina haikumpokea twiga wa Malindi kama kioja. Ilimpokea kama ishara. Ishara ina heshima kubwa kuliko kioja, illa nayo ina upofu wake. Kaisari alimwona qilin, hakumwona Malindi. Picha ilisifu mbingu, haikusifu bandari. Baada ya mwaka 1433 misafara mikubwa ilikoma, na kilichobaki mikononi mwetu ni vipande: jina katika kumbukumbu za Ming, majina ya Malindi na Mombasa katika ramani ya Kichina iliyochapishwa karne ya kumi na saba, mabakuli ya kauri yaliyopachikwa katika kaburi la mnara la Mambrui, na sarafu za zama za Yongle zilizofukuliwa Mambrui mwaka 2010 na katika kisiwa cha Manda mwaka 2013. Kwa upande wa Malindi yenyewe hakuna hata mstari mmoja uliotufikia juu ya ubalozi ule. Habari za mji wetu zimehifadhiwa katika sanduku la maajabu la watu wengine.

Na hiyo ndiyo sababu ya mimi kutetea vioja mbele ya wanafunzi na wanachuoni. Kila mtoto aliyepita shule katika nchi zetu ameambiwa kwamba Vasco da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498. Nguzo yenye msalaba wa Wareno ingaliko pale juu ya mwamba, na wageni huipiga picha. Ni wangapi walioambiwa kwamba miaka 83 kabla ya hapo wajumbe wa mji ule ule walikuwa wamesimama mbele ya kaisari wa dola kubwa kabisa ya zama zao? Tarehe zenyewe zina la kusema. Wareno waliteka Ceuta, hatua yao ya kwanza katika Afrika, tarehe 21 Agosti 1415. Haikutimia miezi miwili, Malindi ikakabidhi twiga wake Uchina. Wakati ambapo mabaharia wa Lisbon walikuwa hawajavuka rasi za jangwani, Waswahili walikuwa wakifanya ubalozi wa upande wa pili wa dunia. Habari ya kwanza imo katika kila kitabu kwa kuwa ina nguzo na mizinga. Ya pili haimo kwa kuwa ina mnyama mwenye shingo ndefu, na watu wazima huona haya kuandika juu yake.

Walakini tusivuke mpaka kwa furaha. Wako waliokichukua kisa hiki wakakifanya hadithi ya urafiki usio na doa kati ya mataifa mawili, na wengine wakakifanya kielelezo cha ukuu wa Malindi juu ya majirani zake. Twiga mmoja hawezi kubeba mizigo yote hiyo. Anachotuthibitishia ni kidogo, nacho ni imara: kwamba palikuwa na mji, mji ulikuwa na habari, na kwa habari hizo ulitenda kwa akili. Kwa mwandishi wa tarikhi huo ni utajiri, na haufai kutupwa kwa sababu umefungwa katika karatasi ya kuchekesha.

Mwanafunzi atakayekutana kesho na kitu cha ajabu, iwe picha, sahani, nywele zilizosukwa kama mnara au sanamu isiyojulikana inafanya nini mahali ilipo, asiishie kuuliza kwa nini watu walikishangaa. Swali hilo litamjibu habari za washangaaji tu. Aulize pia ni nani alikituma, na alitaka nini. Mara nyingi atamkuta mtu amesimama kando ya picha, ameshika kamba, akingoja kuulizwa.